Siku 14 za mfungwa, na serikali isiyohesabiwa siku

Vijana wenzangu, ukikaa korti ya Kakamega, Mumias, Butere ama Butali siku ya hukumu, kuna maneno utayasikia mwisho kabisa, wakati askari tayari ameshika pingu. Hakimu anasema: una haki ya kukata rufaa ndani ya siku 14. Faili inafungwa, kesi nyingine inaitwa. Mama ya kijana amekaa benchi la nyuma. Hajui hiyo rufaa inapelekwa wapi, inaandikwa vipi, wala inahitaji karatasi gani. Hakuna anayemweleza. Na saa imeshaanza kuhesabu.

Leo tuongee kuhusu hiyo saa. Tunapiga kelele polisi wakishika vijana ovyo, na ni sawa tupige. Tunajaa kortini siku ya dhamana. Lakini hukumu ikishasomwa, tunarudi nyumbani kama watu waliotoka kuzika. Hapo ndipo watu wetu wanapotea, kwa sababu kuanzia hapo anayewafunga si hakimu tena. Ni kalenda.

Sheria yenyewe inasema hivi. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinataka rufaa ya kwenda Mahakama Kuu iwasilishwe ndani ya siku 14. Siku 14 tangu lini? Tangu tarehe ya hukumu ama kifungo. Si tangu siku uliyopewa nakala ya hukumu, na si tangu siku uliyompata wakili. Kifungu kinachofuata, cha 350, kinasema ombi la rufaa liandamane na nakala ya hiyo hukumu, isipokuwa Mahakama Kuu iagize vingine.

Soma tena hapo polepole. Unatakiwa uwe umewasilisha ndani ya siku 14, na uambatanishe karatasi ambayo wewe huna, ambayo iko kwa karani, ambayo pengine hata haijachapwa. Katika korti nyingi hakimu bado anaandika ushahidi kwa mkono. Mtu lazima akae chini achape neno kwa neno ndipo upate ile wanaoita prosidingi, yaani mwenendo mzima wa kesi: nani alisema nini, aliulizwa nini, akajibu nini. Bila hiyo, utamwonyesha jaji vipi kwamba shahidi wa pili alimpinga shahidi wa kwanza? Kwa kumbukumbu? Kwa kuapa?

Hebu tuhesabu pamoja. Tuseme ni kijana wa bodaboda kutoka Shinyalu, amefungwa miaka 7, hakuwa na wakili. Hukumu imesomwa Ijumaa. Jumamosi na Jumapili ofisi zote zimefungwa. Jumatatu yuko gerezani anaandikishwa, hajajua hata choo kiko wapi. Jamaa zake wanatafuta nauli waje kumwona, na wakifika anawaambia waende kortini kuulizia faili. Kortini wanaambiwa leteni barua. Wanatafuta mtu wa kuandika barua. Wanaambiwa faili iko kwa hakimu, rudini wiki ijayo. Wakirudi, faili imeenda kuchapwa, na kuna malipo ya kurasa. Hapo siku 14 zimeisha na hakuna mtu aliyelala. Hakuna uzembe wowote katika hadithi hii. Kuna umaskini tu, na foleni.

Sasa niulizeni swali la haki: upande wa serikali umewekewa saa gani? Kifungu cha 170 kinasema mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu apewe bila kuchelewa, tena bila malipo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50(5), inasema mtu ana haki ya kupata mwenendo wa kesi yake ndani ya "muda unaofaa" baada ya kesi kuisha, kwa ada nafuu. Muda unaofaa ni siku ngapi? Haijaandikwa. "Bila kuchelewa" ni siku ngapi? Haijaandikwa. Mfungwa asiye na simu wala wakili amehesabiwa siku moja moja mpaka ya 14. Serikali yenye makarani, mitambo na bajeti imepewa maneno yasiyo na tarimbo. Yule mnyonge amewekewa namba, yule mwenye nguvu amewekewa adabu.

Kuna atakayesema, lakini hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akitaka kupinga mtu kuachiliwa anabanwa na siku hizo hizo 14. Kweli. Lakini wakili wa serikali alikuwa kortini kesi yote, ana faili yake, ana ofisi, ana mshahara, na Jumatatu asubuhi yuko mezani. Kuwapa mbio moja mtu mwenye viatu na mtu aliyefungwa miguu, halafu ukasema mstari wa mwisho ni mmoja kwa wote, huo si usawa.

Tena tangu 2024 Idara ya Mahakama imesambaza mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao nchi nzima. Ni kitu kizuri kwa wakili aliye na kompyuta. Aliye ndani ya geti la gereza la Kakamega anaingia mtandaoni na simu ya nani?

Wanaotetea saa hii nao wana hoja, na tusizikimbie. Wanasema kesi lazima ifike mwisho. Aliyeibiwa, aliyedhulumiwa, familia iliyofiwa, nao ni watu, na hawawezi kuishi miaka yote wakingoja simu ya korti. Hilo ni kweli, na wengi wao ni majirani zetu. Wanasema mashahidi wanakufa, wanahama, wanasahau. Ni kweli pia. Wanasema tukifungua mlango, kila mfungwa ataleta hadithi mpya.

Sisi hatusemi saa iondolewe. Tunasema ianze kuhesabu pale mtu anapopewa uwezo wa kukimbia. Aliyedhulumiwa hapati amani yoyote kwa mtu asiyehusika kukaa ndani huku mhusika halisi anatembea sokoni. Na hofu ya mafuriko ya rufaa ni hofu ya kazi nyingi. Kazi nyingi si sababu ya kumwacha mtu jela.

Na msidhani tunaomba kitu cha ajabu. Angalieni jirani tu hapo. Tanzania, mtu anatoa notisi ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu ana siku 45 za kuleta rufaa yenyewe. Na sheria yao inasema wazi: muda uliotumika kungoja nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi katika zile 45. Yaani korti ikichelewa kukupa karatasi, ucheleweshaji huo ni wa korti, si wako. Tanzania haijazama. Kesi zinaisha. Kama wao waliweza kuandika hivyo, Bunge letu linashindwa na nini?

Sheria yetu badala yake inakwambia ukichelewa, omba ruhusa. Kile kifungu cha 349 kina mkia, na huo mkia kila kijana hapa aushike. Unasema Mahakama Kuu inaweza kukubali rufaa iliyochelewa ikiwa kuna sababu nzuri. Halafu unasema zaidi: ni lazima iikubali, ikiridhika kwamba mtu alichelewa kwa sababu hakuweza kupata nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi ndani ya muda unaofaa baada ya kuziomba. Lazima. Si hisani ya jaji.

Lakini mtego uko hapo kwenye maneno "baada ya kuziomba". Kama hukuomba, ama uliomba kwa mdomo tu pale dirishani ukafukuzwa, utathibitisha vipi? Mahakama ya Juu, katika kesi ya uchaguzi ya Salat mwaka 2014, ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu, ni jambo la busara ya korti, na anayeomba lazima aeleze ucheleweshaji wake mpaka korti iridhike. Tajiri anaeleza kwa kiapo kilichoandikwa na wakili. Maskini anaeleza kwa machozi, na machozi hayana muhuri.

Rufaa ya kwanza ikikataliwa, saa inaanza upya. Kutoka Mahakama Kuu ya Kakamega unakwenda Mahakama ya Rufaa, Kisumu, na notisi inatakiwa ndani ya siku 14 tena. Na huko, chini ya kifungu cha 361, hawasikilizi tena mambo ya ushahidi. Wanasikiliza hoja za sheria tu. Hata kulalamika kwamba kifungo ni kikali mno, sheria inahesabu hilo si hoja ya sheria. Mahakama ya Juu nayo haiingiliki ila kwa suala la kutafsiri Katiba ama jambo zito la umma. Kwa hivyo kwa watu wetu wengi, ile rufaa ya kwanza ndiyo mara ya mwisho jaji kuangalia kama kweli ushahidi ulitosha. Mlango mkubwa kuliko yote ndio umewekewa siku 14 na mtu mmoja mwenye kalamu ya kuazima.

Sasa tuseme rufaa zote zimeisha, ama hazikukatwa kabisa, halafu baada ya miaka ukweli unajitokeza. Hutokea? Hutokea sana, kwa sababu ukweli haujui kalenda ya korti. Watu sita kutoka Ireland walifungwa maisha Uingereza mwaka 1975 kwa mabomu ya Birmingham. Rufaa yao ilikataliwa 1976. Nchi nzima ilikuwa na hasira, walipigwa, wakaandika maungamo, na kila mtu aliona kesi imekwisha. Walitoka Machi 1991, baada ya miaka 16, hukumu ikafutwa. Kashfa za namna hiyo ndizo zilizowafanya Waingereza waunde tume maalum, iliyoanza kazi 1997, ya kuchunguza hukumu zinazotiliwa shaka. Ile tume haimwambii mfungwa kwamba umechelewa. Sisi hatuna tume kama hiyo.

Hapa kwetu tazameni kesi ya Muruatetu. Alihukumiwa kifo kwa mauaji mwaka 2003. Rufaa yake ilikataliwa. Ni tarehe 14 Desemba 2017 ndipo Mahakama ya Juu iliposema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila kusikiliza chochote kuhusu mtu huyo ni kinyume cha Katiba. Miaka 14 baada ya hukumu! Kama ingekuwa ukishachelewa umekwisha, waliohukumiwa zamani wasingefaidika hata mmoja. Halafu Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikasema uamuzi ule unahusu mauaji peke yake, na wale wa wizi wa kimabavu waliokuwa wameanza kurudi kortini wakaambiwa mlango huo si wao. Sheria yenyewe inabadilika na kugeuka, na mfungwa ndiye anayetakiwa awe amejua yote ndani ya wiki mbili.

Na tusikilize onyo moja kutoka Marekani, kwa sababu linatuhusu sisi vijana Waislamu moja kwa moja. Aprili 1995 jengo la serikali lililipuliwa Oklahoma City. Siku zile za kwanza wengi walinyoosha kidole kwa Waislamu. Aliyelipua alikuwa Timothy McVeigh, Mmarekani, mwanajeshi wa zamani. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1996, ikatiwa sahihi sheria ya kupambana na ugaidi, na ndani yake wakaingiza kikomo cha mwaka mmoja kwa mfungwa yeyote, hata wa kesi isiyo na uhusiano wowote na ugaidi, kupeleka malalamiko yake korti ya taifa baada ya rufaa kuisha. Ilichukua mpaka 2013 kwa Mahakama ya Juu yao kusema kwamba mwenye ushahidi wa nguvu kuwa hana hatia asizuiwe na huo mwaka. Somo ni hili: sheria inayopitishwa kwa hofu ya watu fulani huishia kumfunga kila mtu. Tukisikia hapa kwetu mtu anasema "hawa wasipewe nafasi ya pili", tujue kesho "hawa" ni sisi, na kesho kutwa ni yule yule anayesema.

Kenya tuna kitu bora kuliko hicho, na wengi hawakijui. Kifungu cha 50(6) cha Katiba kinasema mtu aliyehukumiwa anaweza kuiomba Mahakama Kuu kesi yake isikilizwe upya, ikiwa rufaa yake ilikataliwa na korti ya juu kabisa aliyokuwa na haki ya kuifikia, ama ikiwa hakukata rufaa ndani ya muda. Sharti ni kuwe na ushahidi mpya na wenye uzito. Hakuna siku 14 pale. Hakuna mwaka mmoja. Katiba ilimkumbuka hata yule aliyechelewa.

Lakini ni mlango mwembamba. Katika kesi ya Kibisu, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilieleza maana yake: ushahidi usioweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa bidii ya kutosha, unaoaminika, na ambao pengine ungebadilisha hukumu. Kusema "sikuwa na wakili mzuri" peke yake hakutoshi. Na ushahidi mpya haujileti gerezani wenyewe. Lazima kuwe na mtu huku nje anayetembea, anayetafuta shahidi aliyehamia Nairobi, anayeomba rekodi za hospitali. Huyo mtu ni nani kama si sisi?

Kwa hivyo tunataka mambo matatu, na tuyadai kwa wabunge wetu kwa majina yao. Moja, Bunge libadilishe kifungu cha 349: siku zihesabiwe tangu mtu apewe nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Mbili, korti iwekewe idadi ya siku za kutoa karatasi hizo, kwa namba, kama alivyowekewa mfungwa. Tatu, ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ifike mpaka gerezani na ifike wiki ya kwanza, isiwe ni jina la ofisi mjini.

Tukingoja Bunge, watu wanaendelea kuingia ndani. Haya tunaweza kuyafanya sisi wenyewe:

Siku ile ile ya hukumu, kabla ya kutoka kortini, andikeni barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Nakala mbili. Moja ibaki kwa karani, nyingine ipigwe muhuri wa kupokewa na tarehe, muiweke. Huo muhuri ndio utakaomlazimisha jaji baadaye.

Msingoje prosidingi ndipo mwandike rufaa. Wekeni ombi la rufaa na sababu mnazozijua, ndani ya siku 14, na mseme mtaongeza sababu mkipata karatasi.

Aliye ndani anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza ombi lake, na ni kazi ya gereza kulifikisha kortini. Hiyo iko kwenye sheria. Aandike tarehe aliyokabidhi.

Mkishachelewa, msikae. Ombeni ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, na elezeni kila wiki ilipotelea wapi.

Na mwambieni kila kijana kabla hajasimama kizimbani: ukikubali kosa ili "yaishe", rufaa yako itabaki kuhusu kifungo tu. Hutaweza tena kusema hukufanya.

Sisi ni watu wa harambee. Mtu akifa Kakamega, kabla ya jioni kamati imeundwa, mweka hazina amechaguliwa, namba ya kutuma pesa iko kwenye simu ya kila mtu. Basi kila mtaa uwe na watu wawili wenye daftari: nani amehukumiwa, korti gani, lini, barua imepigwa muhuri ama bado, siku ngapi zimebaki. Mwenye jamaa aliyehukumiwa mwezi huu, asingoje Ijumaa ijayo. Hesabu tangu tarehe ya hukumu, na kesho saa mbili asubuhi uwe dirishani kwa karani ukiwa na barua mbili mkononi.